Mechi iliyoonekana Tanga isionekane Leicester

Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, tulikuwa sebuleni kwa baba mdogo mjini Leicester, mitaa ya karibu na uwanja wa King Power. Leicester City walikuwa wanacheza nyumbani, msimu ambao bado walikuwa Ligi Kuu. Runinga ilikuwa inawaka, lakini ilionyesha studio tu: wachambuzi wamekaa mezani, wanatazama skrini ambazo sisi hatuzioni, kisha wanatusimulia. Mechi yenyewe tulikuwa tunaisikiliza redioni.

Mara kelele zikaingia dirishani. Hazikuwa za redio. Zilikuwa za watu, maelfu ya watu kwa mpigo. Baba mdogo akainua kidole kutunyamazisha. "Hilo goli," akasema. Sekunde chache baadaye redio nayo ikasema goli. Kisha simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka Tanga, rafiki yangu yuko kwenye kibanda umiza Ngamiani, nyuma yake watu wanapiga mayowe: "Umeliona hilo? Umeliona?"

Sikuwa nimeliona.

"Baba, na hivi vifurushi viwili unavyolipia kila mwezi, mechi ya hapo nje haimo?"

"Haimo, mwanangu. Jumamosi saa tisa hakuna mechi ya Ligi Kuu kwenye runinga nchi hii. Hata uwe na hela kiasi gani."

Jambo hilo lilinikaa rohoni wiki nyingi baada ya kurudi nyumbani. Kijana wa Ngamiani aliyelipa kiingilio cha kibanda aliuona mpira. Mstaafu anayelipa kila mwezi, ambaye angeweza kutembea kwa miguu hadi uwanjani, hakuuona. Nikaanza kusoma ili nijue nani aliamua hivyo, na lini.

Kabla ya dishi

Muulize shabiki yeyote wa Uingereza nani aliyeuweka mpira nyuma ya malipo, atakutajia Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari mwenye Sky, runinga ya kulipia ya dishi. Lakini zuio la Jumamosi alasiri, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, lilikuwepo kabla Murdoch hajafunga dishi hata moja kwenye ukuta wa Mwingereza. Aliyelipigania ni Bob Lord, muuza nyama aliyekuwa mwenyekiti wa Burnley. Miaka ya 1960 aliwashawishi wenzake kwamba mechi kubwa ikionyeshwa moja kwa moja Jumamosi alasiri, watu hawatakwenda kuziangalia timu ndogo za mitaani kwao. Aliamini hivyo kiasi cha kuzizuia kamera za BBC zisiingie uwanja wa Turf Moor kwa miaka mitano.

Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Timu ya daraja la nne ilikuwa inaishi kwa fedha za mlangoni, basi.

Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba Waingereza wa kizazi cha baba mdogo walikua bila mpira wa moja kwa moja. Septemba 10, 1960 ITV, chaneli ya bure, ilionyesha mechi ya Blackpool na Bolton, ikiwa na mpango wa kuendelea na nyingine. Vilabu vikagoma, mpango ukafa. Kuanzia 1964 BBC ikawa na Match of the Day, lakini huo ni muhtasari wa usiku. Mechi za ligi za moja kwa moja zilirudi mwaka 1983, tena chache, kwa mkataba wa pauni milioni 5.2 kwa misimu miwili. Mwaka 1985 vilabu na vituo vya runinga vikashindwa kuelewana bei, na nusu nzima ya kwanza ya msimu ikapita bila mpira wowote wa ligi kwenye skrini.

Hapo ndipo nilipoanza kusitasita. Nilikuwa natafuta siku ambayo mpira uliondolewa mikononi mwa watu wa kawaida. Kila nilivyorudi nyuma, nilikuta kwamba kwenye runinga haukuwahi kuwa mikononi mwao.

Kura 14

Mei 18, 1992, wenyeviti wa vilabu 22 walikutana hoteli ya Royal Lancaster, pembeni ya Hyde Park, London. Vilabu hivyo vilikuwa vimejitoa kwenye ligi ya zamani ili viunde Ligi Kuu, na siku hiyo vilikuwa vinachagua nani atanunua haki za matangazo.

Upande mmoja ITV, ambayo tangu 1988 ilikuwa inalipa pauni milioni 11 kwa mwaka. Upande wa pili BSkyB ikishirikiana na BBC. BSkyB ilikuwa imezaliwa Novemba 1990, baada ya Sky ya Murdoch na mshindani wake BSB kuvuja damu kwa mamilioni ya pauni kila wiki mpaka wakalazimika kuungana. Filamu hazikutosha kumfanya Mwingereza atoboe ukuta wake afunge dishi. Kilihitajika kitu ambacho mtu hawezi kukisubiri hadi kesho.

Miaka minne baadaye, mbele ya wanahisa wake mjini Adelaide, Murdoch alilisema hilo bila kuficha: michezo ni gogo la kubomolea mlango, ndilo atakalotanguliza kila anapofungua runinga ya kulipia.

Kisa cha asubuhi ile ya hotelini kinasimuliwa hadi leo. ITV walikuwa wamepandisha dau hadi pauni milioni 262. Alan Sugar, mwenyekiti wa Tottenham, alikuwa pia mmiliki wa Amstrad, kampuni iliyokuwa inatengeneza madishi ya Sky. Alikwenda kwenye simu akawaambia watu wa Sky waongeze fedha mpaka ITV wapotee kabisa. Dau la Sky na BBC likatangazwa kuwa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Kura: 14 ndiyo, 6 hapana, wawili hawakupiga. Ilihitajika theluthi mbili ya waliopiga. Mmoja tu kati ya wale 14 angehamia upande wa pili, hoja ingeanguka.

Nimeusoma mkutano huo mara nyingi, na kinachonishangaza ni nani alipigia nani. Manchester United, Liverpool na Arsenal walikuwa upande wa ITV, chaneli ya bure. Vilabu vya kati na vidogo ndivyo vilivyoibeba Sky. Kwa nini? Kwa sababu chini ya ITV wakubwa walionyeshwa tena na tena, wengine wakasahaulika. Mwaka 1990 Greg Dyke wa ITV alikula chakula cha usiku na wakubwa watano kupanga mustakabali wa mpira, na wadogo hawakualikwa. Mfumo mpya uliwaahidi mgawo wa haki zaidi: nusu ya fedha za matangazo ya ndani ya nchi inagawanywa sawa kwa wote, robo kwa nafasi kwenye msimamo, robo kwa idadi ya mechi zinazoonyeshwa.

Kwa hiyo walioipa runinga ya kulipia ushindi ni wanyonge waliochoka kubaguliwa na runinga ya bure. Hili lilinisumbua kuliko jambo lingine lolote katika habari hii yote.

Na fedha zilihitajika kweli. Msongamano wa uwanja wa Hillsborough, Aprili 15, 1989, ulikuwa umeua mashabiki 97, na ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ilidai kwamba katika viwanja vikubwa kila shabiki akae kwenye kiti, asiwepo wa kusimama. Paa zilikuwa zinaoza. Vyoo vya viwanja vingi vya wakati ule, kwa simulizi za baba mdogo, hutaki hata kuvikumbuka.

Nani aliibiwa?

Agosti 16, 1992, Nottingham Forest waliikaribisha Liverpool, Teddy Sheringham akafunga bao pekee, na enzi mpya ikaanza. Kesho yake, Jumatatu usiku, Manchester City walitoka sare na QPR, fataki na wasichana wa kucheza uwanjani. Mechi 60 za moja kwa moja kwa msimu. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuona wingi huo.

Basi hesabu ya mpira wa miguu ni hii: mwenye kulipa aliongezewa sana. Asiyelipa alipoteza mechi chache za ITV, akabaki na muhtasari wa Jumamosi usiku kwenye BBC, uliorudi baada ya kukosekana kwa miaka minne. Siwezi kuuita huo wizi, hata nikitaka.

Bei ndiyo iliyokimbia. Pauni milioni 670 kwa mkataba wa kuanzia 1997. Bilioni 1.1 kuanzia 2001. Zaidi ya bilioni 5.1 kwa misimu mitatu kuanzia 2016. Mkataba ulioanza 2025 ni pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne, angalau mechi 267 kwa msimu, nyingi Sky na zilizobaki TNT Sports. Kila tarakimu hapo hatimaye inamfikia mtu anayelipa kwa mwezi, au baa inayokata tamaa na kung'oa dishi.

Kuna walioungua. ITV Digital, kampuni ya runinga ya kulipia, iliahidi vilabu vya madaraja ya chini pauni milioni 315, ikafilisika mwaka 2002 ikiwa bado inadaiwa zaidi ya nusu, na vilabu vilivyokuwa vimeshasajili wachezaji kwa fedha za ahadi vikaingia mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi. Na Tume ya Ulaya ilipodai haki zisinunuliwe zote na kampuni moja, Setanta, kampuni nyingine ya kulipia, ikapata sehemu kuanzia 2007. Nia ilikuwa ushindani ushushe bei. Shabiki aliyekuwa analipia kifurushi kimoja akajikuta analipia viwili. Juni 2009 Setanta ikaanguka.

Sisi Afrika Mashariki tunaujua mwaka huo. GTV, kampuni iliyoendeshwa kutoka London, ilinunua sehemu kubwa ya Ligi Kuu kwa ajili ya Afrika mwaka 2007, ikauza ving'amuzi kwa bei ya kuvutia, kisha mwishoni mwa Januari 2009 ikazima ghafla. Watu waliamka na kisanduku kisichoonyesha chochote.

Kadi ya Ugiriki

Nirudi kwenye Jumamosi saa tisa, kwa sababu kuna mama mmoja wa Portsmouth aliyeifikisha mahakamani.

Alikuwa anaendesha baa. Kifurushi cha Sky kwa ajili ya baa kilikuwa kinamgharimu mamia ya pauni kila mwezi, basi akanunua king'amuzi na kadi ya kampuni ya Ugiriki iliyokuwa na haki halali ya Ligi Kuu kwa Wagiriki. Kwa Wagiriki hakuna zuio la Jumamosi. Wateja wake wakaona mechi, yeye akaona faida, na wenye ligi wakamshitaki. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Oktoba 2011 ilisema kumzuia mtu kununua kadi kutoka nchi nyingine ya Umoja ni kinyume cha soko huria la huduma. Mwaka uliofuata hukumu yake ya hatia ikafutwa London. Ligi ikabaki na njia nyingine: nembo, picha za kubuni na muziki wake ni mali yake kwa hakimiliki, na baa haiwezi kuvionyesha bila ruhusa. Baadaye Uingereza ikatoka Umoja wa Ulaya.

Ninamheshimu sana mama huyo. Alipigania kitu kidogo na cha haki: kuinunua mechi pale inapouzwa.

Lakini hata angeshinda kila kitu, bado angekuwa mtu anayelipa. Nikagundua kwamba mimi, baba mdogo, yule mama na kijana wa Ngamiani, wote tuko kundi moja. Sisi tayari tunapenda mpira. Tutautafuta kwa kadi, kwa kibanda, kwa redio, kwa kelele za dirishani. Kuna mtu mwingine ambaye hayumo kabisa kwenye mazungumzo haya, na nilimpata kwenye mchezo ambao siufuati.

Kiangazi cha 2005

Kriketi.

Mwaka 2005 England na Australia walicheza Ashes, mashindano yao ya jadi, kwa test tano, yaani mechi za hadi siku tano kila moja, na zote zilionyeshwa Channel 4, bure. Kwenye uwanja wa Edgbaston, Agosti 7, England walishinda kwa tofauti ya mikimbio miwili tu, ndizo alama za kriketi, na Andrew Flintoff wa England badala ya kukimbilia kushangilia akachuchumaa kumfariji Brett Lee wa Australia aliyeshindwa. Picha hiyo utaikuta kila mahali. Septemba 12, kwenye uwanja wa The Oval, Kevin Pietersen alipiga mikimbio 158 na kombe likarudi England baada ya miaka 16. Siku moja ya test ya Trent Bridge watazamaji walifika milioni 8.4. Kesho yake baada ya The Oval, timu ikapita Trafalgar Square kwenye basi la wazi, umati umejaa.

Watoto waliokuwa hawajui kriketi walikuwa wanaicheza barabarani kwa pipa la taka. Binamu yangu aliyekulia Leicester ananiambia alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyemfundisha. Alipita sebuleni kutafuta maji, akasimama, akakaa.

Na mechi za miaka iliyofuata zilikuwa tayari zimeuzwa.

Desemba 2004, miezi kadhaa kabla ya kiangazi hicho, bodi ya kriketi ya England na Wales, ECB, ilikuwa imeshasaini na Sky mkataba wa pauni milioni 220 kwa miaka minne kuanzia 2006. Njia ilikuwa imefunguliwa 1998, serikali ilipoziondoa test za nyumbani kwenye kundi la kwanza la matukio yanayolindwa, yale ambayo lazima yaonyeshwe bure: Olimpiki, Kombe la Dunia, fainali ya Wimbledon, na mengine kama hayo. Ashes zilizofuata nyumbani, 2009, watazamaji hawakufika milioni 2 hata kileleni. England walishinda tena. Nchi ileile, uhasama uleule na Australia, ushindi uleule.

ECB wana hoja, na ninaisikiliza. Fedha za Sky zilijenga viwanja vya mazoezi, zililipa makocha, ziliwapa wachezaji wanawake mikataba ya kazi. Ubora wa matangazo ulipanda mno. Mwenye kulipa, hapa pia, alipata zaidi.

Lakini binamu yangu hakuwa mteja. Alikuwa mtoto aliyetaka maji. Mkataba wa runinga ya kulipia unaweza kumhesabu kila mtu anayelipa, na kila aliyeacha kulipa, na kila anayeiba kwa mtandao. Hauna safu ya kumwandika mtoto anayepita. Kwetu Tanga nyimbo nyingi za taarabu tulizozijua utotoni hatukuzinunua. Zilipita ukutani kutoka kwa jirani. Kriketi ya Uingereza ilijenga ukuta mnene, ikapata fedha nzuri za ukuta huo, kisha ikaanza kuuliza mbona watoto hawajui nyimbo.

Na waliuliza kweli. Julai 14, 2019, England walipofika fainali ya Kombe la Dunia la kriketi dhidi ya New Zealand kwenye uwanja wa Lord's, Sky ilikubali Channel 4 nayo ionyeshe. Watazamaji kileleni walipita milioni 8. Siku moja, na watu walikuwa wapo, muda wote walikuwa wapo. Katika mkataba uliofuata, wa kuanzia 2020, BBC ikarudishwa kidogo.

Pauni 14.95

Oktoba 2020, viwanja vimefungwa kwa korona, Ligi Kuu iliamua mechi ambazo hazikuchaguliwa na Sky wala BT, mwenzake wa kulipia, ziuzwe mojamoja, pauni 14.95 kila moja, juu ya vifurushi ambavyo watu walikuwa wanalipia tayari. Mashabiki wa Newcastle wakasema hapana. Wakachukua fedha ambazo wangelipia mechi, wakazipeleka kwenye benki ya chakula ya mji wao, ile inayogawa unga na maziwa ya kopo kwa wasio na kitu. Mashabiki wa timu nyingine wakafuata, hata mahasimu wa jadi. Novemba mpango ukaachwa.

Nalitaja hili kwa sababu watu husema shabiki hana nguvu. Anayo. Lakini ni nguvu ya anayelipa, ya kukataa kulipa.

Mtoto anayepita hawezi kugoma.

Zamu ya wanawake

Julai 31, 2022, England waliifunga Ujerumani 2-1 pale Wembley na kutwaa Euro ya wanawake, Chloe Kelly akifunga katika nusu saa ya nyongeza. BBC iliionyesha bure, na kileleni walitazama watu milioni 17.4. Mjukuu wa baba mdogo alianza kucheza mpira wiki hiyo. Leo ana timu, ana viatu vya njumu vilivyojaa matope mlangoni, na ana maoni makali kuhusu beki wa kushoto.

Miezi michache kabla ya fainali hiyo serikali ilikuwa imeiweka Euro ya wanawake, pamoja na Kombe la Dunia la wanawake, kwenye kundi la kwanza la matukio yanayolindwa. Kwa hiyo mashindano ya mataifa yako salama. Ligi haiko. Mkataba mpya wa ligi kuu ya wanawake, kuanzia msimu wa 2025/26, unaipa Sky hadi mechi 118 kwa msimu na BBC mechi 21.

Sijui kama 21 zinatosha, na nimejaribu kulitazama kwa haki. Wachezaji hawa wanastahili mishahara, madaktari na viwanja vyenye nyasi nzuri, na Sky ndiyo inayolipa. Vilabu vinavyotafuta fedha hizo viko katika hali ileile ya vilabu vidogo vya Royal Lancaster, na vile sikuweza kuvilaumu. Tofauti ni kwamba mwaka 1992 mpira wa wanaume ulikuwa na karne nzima ya watu waliokwisha kuupenda. Ulikuwa unawauzia wapenzi. Mpira wa wanawake, ambao chama cha soka cha England kiliufungia viwanja vyake kuanzia 1921 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, bado unawatafuta watu wake, na wengi wao wana miaka tisa na hawana kadi ya benki.

Mkataba huo ni wa misimu mitano. Majadiliano ya unaofuata yatakapoanza, dau kubwa litatoka kwa anayetaka zote. Ningependa wenye timu wakae mezani na hesabu za kriketi za 2005 na 2009 mkononi, na wakatae kuuza mechi moja ya kila wikiendi, ile kubwa kuliko zote, isipokuwa kwa chaneli ambayo mtoto anaweza kuikuta bila kumwomba mtu mzima alipe.